Mfululizo, Mfuatano, Msururu au Mnyororo? Kuchagua Neno la Vitu Vinavyofuatana

Mwandishi anayetaka kueleza vitu vinavyokuja kimoja baada ya kingine hakosi maneno katika Kiswahili. Yapo mfululizo, mfuatano, msururu, mlolongo, foleni, msafara, mnyororo, safu na mtiririko, na pembeni yake yapo mtawalia, sanjari, awamu, kipindi na zamu. Tatizo ni kwamba mengi kati yake huelezwa kwa kutumia wenzake, hivyo anayetafuta maana ya moja hupelekwa kwa la pili, na la pili likamrudisha kwa la kwanza. Katika mazungumzo ya kawaida jambo hilo halina madhara makubwa, lakini katika sheria, mikataba, maelekezo ya dawa na hukumu za mahakama, neno lisilo lake linaweza kumwongezea au kumpunguzia mtu haki yake.

Ulinganisho huu unatumia maswali matatu. Je, pengo likiingia katikati, neno bado linafaa? Je, vitu vikibadilishana nafasi, jambo linabaki lilelile? Na je, kimoja kikiondolewa, vilivyobaki vinaendelea kusimama? Neno linalofaa ni lile ambalo jibu lake linalingana na jambo linaloelezwa.

Mfululizo na mfuatano

Hili ndilo jozi linalochanganywa zaidi, na ndilo linalostahili nafasi kubwa. Mfululizo unatokana na kitenzi fululiza, yaani kwenda au kutenda bila kusimama. Mfuatano unatokana na fuatana, kitenzi ambacho ndani yake kila kimoja kina cha mbele yake na cha nyuma yake. Kwa hiyo mfululizo unakataa pengo na haujali sana nani alitangulia, ilhali mfuatano unakataa kuvurugwa kwa nafasi na unaweza kuvumilia pengo.

Mfano ulio wazi kuliko yote unapatikana katika sheria za ibada. Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki hufuata madhehebu ya Shafi, na katika madhehebu hayo kutawadha kwa utaratibu ni nguzo: uso huoshwa kabla ya mikono, kichwa hupakwa maji baada ya mikono, na miguu huja mwisho. Kuviosha viungo hivyo papo kwa papo, bila kuacha muda katikati, ni sunna tu kwa kauli inayotegemewa. Hapo mfuatano ni wa lazima na mfululizo si wa lazima. Katika madhehebu ya Maliki mambo yamegeuka, kwani kuunganisha bila kukatiza ndilo la faradhi na utaratibu wa viungo ndio ulio sunna. Wahanbali wanayataka yote mawili, na Wahanafi wanayahesabu yote mawili kuwa sunna. Mwandishi atakayesema kwa jumla kwamba udhu ni lazima ufanywe “kwa mfululizo” atakuwa ameacha hukumu ya Shafi na kuchukua ya Maliki bila kukusudia. Kinyume chake ni kafara ya kufunga miezi miwili, ambayo Kurani inaitaja kuwa yenye kuungana. Siku hizo hazina ya kwanza wala ya mwisho kwa ubora, na kinachotakiwa ni zisikatizwe bila udhuru, kwa hiyo neno lake ni mfululizo, na mfuatano hautoshi.

Katika michezo mfululizo umeshika mizizi, na matumizi yake ni sahihi. Simba ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara mara nne mfululizo, kuanzia msimu wa 2017/18 hadi 2020/21, kisha Yanga nayo ikautwaa mara nne mfululizo kuanzia 2021/22 hadi 2024/25. Nchini Kenya, Gor Mahia ilikuwa bingwa mwaka 2013, 2014 na 2015, Tusker ikaingia katikati mwaka 2016, na Gor Mahia ikarudi mwaka 2017. Mtu anaweza kuyaita mataji hayo manne ya Gor Mahia kuwa mengi, yenye heshima na ya karibu karibu, lakini hawezi kuyaita manne mfululizo, kwa sababu pengo la mwaka mmoja limeshaukata.

Mfano huo unaonyesha pia kwamba pengo hupimwa kwa kizio kinachotajwa. Kati ya taji moja na jingine hupita miezi mingi, wala hakuna anayeona kuwa mfululizo umekatika, maana kizio ni msimu. Ndiyo sababu kutaja “mfululizo” peke yake bila kizio ni kuacha mlango wazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, na sikukuu yoyote inayoangukia ndani yake inahesabiwa humo humo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inatoa siku zisizopungua 21 za kazi. Kwa jicho la haraka, 28 ni nyingi kuliko 21. Hata hivyo, siku 28 mfululizo zinameza Jumamosi na Jumapili zote, kwa hiyo kwa mtu anayefanya kazi siku tano kwa wiki ni siku 20 tu za kazi, wakati Mkenya wa ratiba hiyo hiyo anapata 21, na sikukuu ikiangukia katikati tofauti inaongezeka. Anayetafsiri mkataba wa kazi na kuliacha neno mfululizo kwa sababu linaonekana kama pambo la sentensi atakuwa amempa mfanyakazi ahadi ambayo mwajiri hakuitoa.

Uzito wa neno hili umewahi kuonekana hata katika kiti cha urais. Katiba ya Urusi ya mwaka 1993 ilimzuia mtu mmoja kushika urais kwa zaidi ya mihula miwili mfululizo. Vladimir Putin alishika mihula miwili hadi 2008, akampisha Dmitry Medvedev kwa muhula mmoja, kisha akarudi mwaka 2012 bila kuivunja Katiba, kwa kuwa pengo lilikwisha kuukata mfululizo. Neno hilo liliondolewa katika marekebisho ya mwaka 2020, ingawa marekebisho hayohayo yalimsamehe mihula yake iliyotangulia. Katiba ya Tanzania inasema tu kwamba hakuna atakayechaguliwa kuwa Rais zaidi ya mara mbili, na kwa kutolitaja neno mfululizo imeufunga mlango ambao ile ya Urusi iliuacha wazi.

Kwa upande wa mfuatano, mahali pake hasa ni pale ambapo nafasi ina kanuni. Majina ya wanafunzi hupangwa kwa mfuatano wa alfabeti. Namba 2, 5, 10, 17 ni mfuatano, kwa sababu kila moja inakaa pale ilipo kwa kanuni inayoweza kutajwa, na ukizipanga 10, 2, 17, 5 kanuni inapotea ijapokuwa namba ni zilezile. Hatua za jaribio la kemia, vifungu vya sheria na tarehe za matukio katika kitabu cha historia vyote vina mfuatano. Wanaofundisha fasihi wana neno jingine la jirani, mtiririko, ambalo hutumika kwa namna visa vinavyosukumana katika hadithi. Hadithi inayosimuliwa kwa msago huanza mwanzo na kwenda mwisho, na ile yenye mbinu rejeshi huwarudisha wasomaji nyuma, lakini zote zinaweza kuwa na mtiririko mzuri. Kwa hiyo msanii anaweza kuuvunja mfuatano wa wakati kwa makusudi na mtiririko wake usidhurike, jambo ambalo mtahiniwa anayeyachukulia maneno haya mawili kuwa kitu kimoja hatakuwa na namna ya kulieleza.

Maelekezo ya dawa yanahitaji maneno yote mawili kwa pamoja. Dawa mseto ya malaria iitwayo ALu hutumiwa kwa siku tatu mfululizo katika dozi sita, na dozi ya pili hufuata saa 8 baada ya ile ya kwanza. Kuandika “siku tatu” bila mfululizo kunamruhusu mgonjwa aliyepata nafuu siku ya pili kuiweka dozi iliyobaki hadi homa itakaporudi. Kuandika “siku tatu mfululizo” bila kutaja saa kunamwachia akisie mwenyewe nafasi ya kila dozi.

Msururu, mlolongo, foleni na msafara

Maneno haya manne hayajali pengo kwa ukali, wala kanuni ya nafasi. Yanachojali ni umbo la kitu machoni pa anayekitazama, yaani wingi uliojipanga kwa urefu. Hata hivyo hayalingani.

Msururu ni neno la wingi usio na hukumu. Msururu wa magari, wa watu au wa siafu unaelezwa kama ulivyo. Vyombo vya habari, vya Kenya hasa, vimelipanua hadi kwenye matukio, kama vile msururu wa mashambulizi au wa mikutano ya kampeni, na upanuzi huo unafaa pale ambapo mwandishi hataki kudai kwamba tukio moja lilisababisha lingine. Mlolongo nao una uchovu ndani yake. Mtu husema mlolongo wa kodi, wa tozo, wa taratibu za kupata kibali, na anayesikia anajua kwamba msemaji analalamika. Mkurugenzi anayeandika katika taarifa yake kwamba ofisi imeandaa “mlolongo wa huduma” kwa wananchi amejitukana bila kujua. Angeandika msururu wa huduma, au huduma mbalimbali, na jambo likaisha.

Kwa Wakenya mlolongo una historia nyingine. Katika kura za mchujo za chama cha KANU mwaka 1988, wapigakura walipanga mstari hadharani nyuma ya mawakala au picha za wagombea wakahesabiwa kichwa kwa kichwa, na mgombea aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa amepita bila kupingwa. Utaratibu huo uliitwa mlolongo, na malalamiko kwamba mistari mifupi ilitangazwa kuwa mirefu yaliufanya uachwe miaka michache baadaye. Kwa msomaji wa Kenya aliye na umri wa kukumbuka, “kura ya mlolongo” si maelezo ya urefu wa mstari, bali ni jina la kipindi kizima cha siasa. Upo pia mji wa Mlolongo, katika kaunti ya Machakos kwenye barabara ya Mombasa, ambao jina lake huhusishwa na malori yaliyojipanga kusubiri mizani.

Foleni ni mstari wenye haki ndani yake. Aliyetangulia kufika ndiye atakayetangulia kuhudumiwa, na mwenye kuingia katikati huitwa mkorofi. Kwa maana hiyo foleni iko karibu na mfuatano kuliko ilivyo karibu na msururu. Watanzania wameipeleka hadi barabarani, ambako foleni ya Dar es Salaam ni msongamano tu wa magari, wenye haki kidogo sana kama mtu yeyote aliyewahi kuona bodaboda ikipita pembeni anavyojua, na hapo Mkenya huenda akasema msongamano au jamu. Anayeandika kwa wasomaji wa nchi zote mbili na achague msongamano barabarani, foleni dirishani.

Msafara unaongeza mambo mawili: mwendo na kusudi. Magari yaliyokwama si msafara hata yakiwa mia, na magari manne yanayomsindikiza kiongozi ni msafara. Waliomo hawalazimiki kuwa wa namna moja, na wahenga wamekwisha kulisema hilo, kwamba katika msafara wa mamba na kenge wamo.

Mnyororo na safu

Mnyororo hujibu swali la tatu. Katika msururu wa magari, moja likitoka mengine yanabaki msururu. Katika mnyororo, pingili moja ikikatika kazi yote imeharibika. Chanjo nyingi zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi tangu bohari kuu hadi kwenye zahanati, na kituo kimoja tu kikikosa umeme na barafu, uangalifu wa vituo vyote vilivyotangulia hauwezi kuiokoa dozi hiyo. Ndiyo maana wataalamu wa afya husema mnyororo baridi, na neno hilo wamelichagua vizuri. Kadhalika mnyororo wa chakula, ambamo nyasi huliwa na panzi, panzi na kuku, kuku na mwewe, na mnyororo wa thamani wa zao kama korosho, kuanzia shambani, ghalani, mnadani hadi kiwandani.

Kwa bahati mbaya, lugha ya miradi imeufanya mnyororo wa thamani kuwa pambo la kila ripoti. Ikiwa maandishi yanahusu wadau wengi tu wasiotegemeana, msururu au orodha inatosha. Ikiwa yanahusu watu waliopokezana jambo mkono kwa mkono, kama wapokezi wa hadithi za Mtume au masheikh wa tarika, Kiswahili tayari kina isnadi na silsila, na mnyororo hapo unaonekana mgeni.

Safu haihitaji maneno mengi. Ni vitu vilivyojipanga kwa unyofu, mara nyingi ubavu kwa ubavu: safu ya milima, ya wanaosali, ya mabeki. Haina wazo la wakati, kwa hiyo “safu ya matukio” si chaguo zuri.

Mtawalia na sanjari

Tukitoka kwenye nomino tunakutana na vielezi viwili vinavyopendwa na waandishi rasmi, na vyote viwili vina maana mbili zinazogombana.

Mtawalia hutumika kwa maana ya kufuatana bila kukatika, kama katika “alishinda mbio tatu mtawalia”. Hutumika pia kuoanisha orodha mbili: “Asha na Juma walipata alama 80 na 75 mtawalia”, yaani Asha 80, Juma 75. Kwa kuwa mfululizo unaifanya kazi ya kwanza bila utata, ushauri wangu ni kwamba mtawalia iachiwe kazi ya pili, ambayo ndiyo haina mwenyewe mwingine isipokuwa “kwa mtiririko huo”, usemi unaotumiwa sana katika ripoti za Tanzania na ambao ni mzuri ingawa ni mrefu. Wala mtawalia isitumiwe pale ambapo orodha zote mbili zina vitu zaidi ya vinne, maana msomaji atalazimika kuhesabu kwa vidole. Hapo jedwali ni bora.

Sanjari ni hatari zaidi. Maana yake ya zamani ni kwenda kwa mstari mmoja, mmoja nyuma ya mwenzake, kama vyombo vinavyoongozana baharini. Matumizi ya leo, hasa katika “sanjari na”, yameigeuza kuwa pamoja na au sambamba na. Sasa chukua mshtakiwa aliyehukumiwa kifungo cha miaka 5 kwa kosa la kwanza na miaka 7 kwa la pili. Vifungo vikienda kwa wakati mmoja, atakaa miaka 7. Vikienda kimoja baada ya kingine, atakaa 12. Mwandishi wa habari za mahakama akiandika kwamba vifungo “vitatumikiwa sanjari”, msomaji mmoja ataelewa saba na mwingine kumi na mbili, na kila mmoja ana kamusi ya kumtetea. Katika jambo la namna hiyo sanjari isitumike kabisa. Iandikwe “kwa wakati mmoja” au “kimoja kikiisha ndipo kingine kianze”, hata kama sentensi itakuwa ndefu. Katika makala ya kawaida, ambako “sanjari na hayo” ina maana ya pamoja na hayo, hakuna sababu ya kuikataa.

Usemi “moja kwa moja” nao huwateleza wanaojifunza lugha, wakidhani ni kimoja kimoja. Maana yake ni bila kukatiza wala kupinda, kama matangazo ya moja kwa moja. Anayetaka kusema kwamba watu waliingia bila kuandamana na wenzao ana mmoja mmoja.

Awamu, kipindi na zamu

Maneno haya hutaja sehemu zinazofuatana, na mgawanyo wake unaeleweka vizuri katika siasa za Tanzania. Kipindi huhesabu muda wa kikatiba wa miaka mitano. Awamu huhesabu uongozi wa Rais mmoja, uwe wa vipindi vingapi. Benjamin Mkapa alikuwa na vipindi viwili na awamu moja, ya tatu. John Magufuli alipofariki Machi 2021, mwanzoni mwa kipindi chake cha pili, Samia Suluhu Hassan alikula kiapo ndani ya kipindi kilekile, lakini awamu ikawa mpya, ya sita. Anayeandika kwamba awamu ya sita ilianza na kipindi kipya amekosea, na anayeandika kwamba kipindi hakikukatika hajakosea.

Nje ya siasa, awamu hufaa kwa kazi iliyogawanywa kuelekea mwisho mmoja, kama ujenzi wa barabara kwa awamu mbili, na haitarajiwi kurudi. Zamu hurudi. Mlinzi aliyemaliza zamu yake leo anajua itamfikia tena, na kati ya zamu zake mbili kuna ya mwenzake. Kwa asili yake, basi, zamu ina pengo ndani yake, na ndiyo sababu muuguzi anayelalamika kwamba amepangiwa zamu tatu za usiku mfululizo hahitaji kueleza zaidi: kizio amekitaja, na neno la pili linaonyesha kwamba mwenzake wa kumpokea hakuja.